Kisu Kikali na Mtu Mkali

Wasomaji wapenzi, mtu akitaka kuhakiki kitabu hukisoma chote kwanza, ndipo afungue kinywa. Leo sina kitabu mkononi. Nina neno moja tu, fupi, ambalo kila mmoja wetu hulitamka mara nyingi kutwa, jikoni, sokoni, shuleni na barazani: neno kali. Nimelitazama kwa miezi kadhaa, nami naona lastahili kuhakikiwa kama kitabu, kwa kuwa limetufaa sana, na tena limetudanganya sana.

Chanzo chake ni daftari. Kijana mmoja wa hapa Butembo, ambaye zamani nilimfundisha katekismo, alivuka mpaka wa Kasindi akaenda upande wa Uganda kujifunza Kiingereza, kama wafanyavyo vijana wengi wa kwetu wanaotazamia biashara. Alipokuja likizo aliniletea daftari lake nimsahihishie Kiswahili. Upande wa kushoto alikuwa ameandika maneno ya Kiingereza, upande wa kulia maana zake, na chini ya kila neno mfano mmoja. Kiingereza changu ni kidogo. Lakini seminarini nilionja Kilatini na Kifaransa, na huko nilijifunza walau kufungua kamusi bila hofu. Basi tukakaa kibarazani tukasoma pamoja.

Ukurasa mmoja ulinishangaza. Ulikuwa na majina ya sifa sita: "sharp", "tart", "rough", "prickly", "abrasive", "harsh". Na upande wa kulia, mbele ya yote sita, kijana aliandika neno moja tu: kali, kali, kali, kali, kali, kali. Alikuwa kama mtoto aliyetumwa sokoni kununua mboga za namna sita, akarudi na mashu matupu.

Nikamwuliza: "Mwanangu, hivi Waingereza ni watu wa kupoteza wino, hata waandike maneno sita kwa jambo moja?"

Akacheka, akajibu: "Hapana, mwalimu. Wao ni matajiri. Kiswahili ndicho maskini."

Neno hilo liliniuma. Makala haya ni jibu langu kwake. Na kama mtakavyoona mbele, daftari lake nalo lilikuwa na jibu kwangu, ambalo sikuliomba.

NENO LENYE KAZI NYINGI

Kwanza tumtendee haki kijana wetu, maana hakukosa kabisa. Kisu ni kikali. Jua ni kali. Baridi ya Butembo alfajiri ni kali. Siki ni kali, pilipili ni kali, na kasiksi iliyokaa siku nyingi ni kali. Twasema dawa kali, sauti kali, mbwa mkali, baba mkali. Ebola ilipotangazwa Mangina mwezi wa Agosti 2018, tulisema ni ugonjwa mkali, wala hakuna aliyeuliza maana. Vijana wa siku hizi wameongeza lao: fulani ni mkali wa hesabu, fulani ni mkali wa mpira, yaani ni bingwa. Ukifungua kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 utakuta makali ya chuma, uchachu wa tunda na ukatili wa mtu vimepandishwa pamoja, kama abiria wa lori moja. Kamusi haina kosa, kwa sababu kazi yake ni kutuandikia yale tusemayo. Lakini haituonyi ya kuwa abiria hao hawaendi safari moja.

Wala Waswahili si wao peke yao. Katika Kilatini, "acer" husemwa juu ya upanga, juu ya ladha na juu ya mtu mkali. Na siki huitwa "acetum", neno la ukoo uleule. Kifaransa kilirithi humo "aigre", ndiyo maana siki ya dukani huandikwa "vinaigre", yaani divai chachu. Kilatini kina pia "asper", kitu kisicho laini mkononi, na humo Wafaransa wakapata "âpre". Yaonekana kila mahali mkono na ulimi hujifunza kwanza, kisha moyo huja kuazima maneno kwao.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1960 Solomon Asch na Harriet Nerlove, wataalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya watoto na maneno ya namna hii, kama tamu, gumu na baridi. Waliona kwamba watoto wadogo huyatumia kwa vitu tu. Ukiwaambia mtu ni mgumu, hukataa. Wakikua kidogo hukubali kuyatumia kwa watu pia, lakini kwao ni kama maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Wale wakubwa, wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, ndio wawezao kueleza vema undugu wa maana hizo mbili. Nilipopata habari hiyo niliwaza juu yetu sisi watu wazima. Twasema "mtu mkali" kila siku, wala hatukumbuki tena kisu. Tumerudi utotoni.

Huku kwetu neno hili lina mtego mwingine. Wengi wetu hatusemi mkali, twasema mukali; na katika Kinande omukali ni mwanamke. Rafiki yangu mmoja wa seminari, mzaliwa wa Bunia, alitumwa kufundisha katika kijiji cha milimani upande wa Lubero. Akawaambia wazee ya kuwa Mungu ni mupole, Mungu si mukali. Bibi mmoja aliyekaa mbele akamjibu kwa utulivu: "Hilo twalijua, mwalimu. Tulidhani umekuja kutueleza jambo jipya." Tulicheka sana aliporudi kutusimulia. Lakini kicheko hicho kina somo: mtu aweza kulitamka neno kwa uhakika, na anayesikia akapokea jambo jingine kabisa.

SITA SI MOJA

Basi njia ya kulipima neno la mtu ni kurudi kwenye kitu chenyewe. Tuyapitie yale sita, tuone kama Kiswahili ni maskini kweli.

La kwanza, "sharp". Hapo kijana alipata: kali. Lakini makali ni nini? Makali ni ule ukingo mwembamba wa chuma ulionolewa kwa kinoo, nao una kazi yake. Kila mama ajuaye kumenya ndizi ajua pia kwamba kisu butu ndicho kiumizacho zaidi, kwa sababu mkono hulazimika kutumia nguvu, kisha huteleza. Kisu kikali hukata kile tu kinachotakiwa kukatwa, kikaacha kingine kizima. Waraka kwa Waebrania, katika sura ya nne, unalifananisha Neno la Mungu na upanga kwa sababu hiyo: linapambanua, linapenya, halipondi. Kama ni hivyo, mwalimu mkali kwa haki ni yule anayelikata kosa akamwacha mtoto mzima. Mwalimu wa namna hiyo aweza kusema kwa sauti ya chini.

La pili, "tart". Kiswahili kina chachu. Chungwa bichi ni chachu. Na chakula au pombe ikikaa mno huchacha. Hapa pana jambo ambalo kali haina: muda. Kitu hakichachi kwa dakika moja. Na mtu naye huchacha. Alikosewa mwaka juzi katika shamba la urithi, hakusema. Leo ukimsalimu tu, jibu lake lakunja uso wako kama ndimu. Huyu si mkali. Huyu amekaa na jambo muda mrefu bila kulifungua. Lugha yenyewe yatufundisha: bahari ikichafuka husemwa imechachamaa, na mtu aliyepania ugomvi naye husemwa amechachamaa.

La tatu, "rough", nitalipita upesi. Ni kile kikwaruzacho mkononi, ambacho Kilatini hukiita "asper". Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, Biblia ya Kilatini hutumia neno hilo kwa zile njia mbovu ambazo nabii alitaka zisawazishwe. Sisi tusafirio kati ya Butembo na Beni wakati wa mvua hatuhitaji maelezo. Kwa mtu, Kiswahili husema mkorofi: asiyejali nani anaumia anapopita.

La nne, "prickly", ndilo lililonipendeza. Asili yake ni miiba. Waingereza humwita hivyo mtu asiyegusika: ukimtania amenuna, ukimsifu ashuku, ukinyamaza adai umemdharau. Mimi nikimtafutia mfano kwetu, nampata nungunungu. Mnyama huyu hawindi mtu. Miiba yake ni ya kujikinga, nayo husimama anapoogopa. Hivyo mtu wa miiba mara nyingi ni mtu mwenye hofu, aliyekwisha kuumizwa mahali. Ukimwita mkali utamjibu kwa ukali, naye atasimamisha miiba zaidi.

Kumbe Kiswahili cha pwani kina neno linalokaribia sana shabaha hiyo: harara. Harara ni joto, na ni vile vipele vidogo viwashavyo mwilini wakati wa joto. Tena ni wepesi wa hasira. Mwenye harara ni yule ambaye nguo laini ikimgusa tu, yamwasha. Tazameni jinsi neno moja lilivyounganisha ngozi na moyo, bila kuazima kwa Mwingereza. Na dawa yake imo humohumo: kwa vipele vya joto hakuna kukwaruza, ni kupoza tu.

La tano, "abrasive", lina asili ya Kilatini, nalo ni kuparuza. Hapa Kiswahili chatushangaza. Kuna mti uitwao msasa, ambao majani yake yanakwaruza. Mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao, hata karatasi ya dukani ikapewa jina lilelile. Basi sisi twasema kazi fulani imepigwa msasa, nayo ni sifa! Kwa Mwingereza mtu wa kuparuza ni lawama. Kwa Mswahili mparuzo waweza kuleta ulaini. Fundi seremala atakuambia siri yake: msasa hupitishwa ubao ukiisha kurandwa, kwa kufuata njia ya nyuzi za mti, wala haukandamizwi. Ukiusugua ovyo, waharibu ulichokuwa ukitengeneza. Wako wazazi ambao maneno yao ni msasa wa fundi. Wako na wengine wanaosugua tu.

La sita ni "harsh". Hili kijana alilijua vizuri kuliko yote, kama nitakavyoeleza. Nikamwambia: weka ukakasi. Mla ndizi mbichi aujua ukakasi: si uchungu, si uchachu, ni ule ukavu unaokamata ulimi na meno, na hauondoki upesi hata unywe maji. Nikamwonyesha pia sura ya 19 ya Injili ya Luka, mahali yule mtumwa mwoga anapoeleza kwa nini alifunga fedha ya bwana wake katika leso. Katika Kigiriki anamwita bwana huyo "austeros", neno lililosemwa juu ya divai na vitu vikaushavyo ulimi. Ni ukakasi huo. Na angalieni matunda yake: mtumwa hakufanya kazi bora kwa sababu ya kumwogopa bwana; alificha tu alichopewa.

Basi tuhesabu: makali, uchachu, ukorofi, harara, msasa, ukakasi. Daftari limejaa, wala hatukukopa hata neno moja kwa Mwingereza. Kiswahili si maskini. Sisi ndio tuliofunga sanduku, tukawa tunatembea na shati moja.

MFANO ULIOKUWA CHINI YA NENO

Sasa nirudi kwenye neno la sita. Nilisema ya kuwa chini ya kila neno kijana aliandika mfano. Chini ya "sharp" aliandika habari za kisu cha mama yake. Chini ya "harsh" aliandika kwa Kiingereza kwamba mwalimu wetu wa katekismo alikuwa hivyo kwa msichana mdogo.

Nikamwuliza: "Ni mwalimu gani huyu?"

Akainama, akafuta vumbi kwenye kiatu. "Ni mfano tu, mwalimu."

Haukuwa mfano tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiandaa watoto kwa komunyo ya kwanza, na kijana huyu alikuwa mmoja wao. Msichana mmoja alichelewa mara tatu. Mara ya tatu nilipiga meza kwa kitabu, nikapaza sauti, nikamwambia arudi kwao akajifunze kwanza saa. Wazazi waliokuwa nje walinisifu: huyu ndiye mwalimu mukali, watoto watanyooka. Nami nililipokea neno hilo kama sukari. Msichana hakurudi mwaka ule.

Baadaye nilisikia habari zake. Jamaa yake walikuwa wamekimbia kutoka upande wa Eringeti, nao walilala katika veranda ya ndugu. Kila asubuhi alipanga foleni kisimani na bido la maji kabla ya kuja kwangu.

Wasomaji, mwajua nchi yetu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wa eneo la Beni wameuawa usiku, wengi kwa panga. Watoto waliopitia hayo husikia sauti iliyopazwa kwa masikio mengine. Panga ni chombo cha shamba, nalo lilinolewa ili likate magugu. Katika mkono mwovu likawa jambo jingine. Mahali kama hapa, neno makali si la kuchezea, wala "mimi ni mukali" si la kujivunia kabla ya kuuliza: mkali wa namna gani, na juu ya nani?

Tena, nilipojipima kwa yale maneno sita, nikaona hata ukakasi ni jina la upole mno kwangu. Lile nililotenda siku ile lina jina lake la saba, ambalo halikuwamo katika daftari: hamaki. Huku kwetu twasema kasirani, lakini kasirani ni hasira yoyote. Hamaki ni ile ya ghafula, inayotangulia akili mlangoni. Asili yake ni Kiarabu, na huko mzizi wa neno hilo ni upumbavu. Waswahili walilichukua neno la upumbavu wakalipa kazi ya kutaja hasira ya haraka. Sijui kamusi gani ingeweza kunihubiria vizuri zaidi.

Hili ndilo kosa ninalolilaumu katika neno kali, au zaidi katika matumizi yetu. Limekuwa koti kubwa linalofunika watu wawili wasiofanana: yule aliyejinoa kwa subira ili akate kosa, na yule aliyeshindwa kujizuia. Wote wawili husifiwa kwa jina moja. Mume mwenye hamaki husema, "Mimi ni mkali nyumbani kwangu," na majirani huitikia kwa heshima. Kama tungemwita kwa jina lake, mwenye hamaki, labda angeona haya. Mtu hawezi kutubu kosa ambalo jirani zake wanalisifu.

Nilimtafuta mama wa yule msichana. Nilimkuta sokoni amepanga mafungu ya sombe. Nilimwomba radhi, nikataja siku na neno nililosema. Alinisikiliza, akapanga fungu moja upya, akaniambia: "Mwalimu, sisi hatukukasirika. Tulidhani ndivyo walimu walivyo."

Ningependa kama angenitukana.

Kijana amekwisha kurudi Uganda na daftari lake. Katika ukurasa ule sasa yamo maneno saba. Ule mfano wa sita sikuufuta. Nilisahihisha tahajia yake tu, kwa kuwa habari yenyewe ilikuwa sahihi.

Nanyi, wasomaji wapenzi, wazazi na walimu na wakubwa wa mashirika, nawasihi jambo dogo. Siku mtu atakapokuambia ya kuwa u mkali, usitabasamu upesi. Muulize kwa unyenyekevu: mkali kama kisu cha jikoni, au kama ndimu, au kama nungunungu, au kama ndizi mbichi? Na akisitasita, akainama, akafuta vumbi kwenye kiatu, basi umekwisha kujibiwa.